Mkono Usiosogea

"Nipeni msichana yeyote mwenye bega na mkono," alisema Madamu Epiphanie siku ya kwanza, cheti chake amekiinua juu ili jua liuguse muhuri. "Nipeni wiki mbili tu. Nitamfundisha kurusha mpira mpaka ampige nzi bila kumwamsha mbu aliyelala jirani."

Hayo yalikuwa majivuno ya kwanza. Ya pili ni ya msimulizi wenu, kijana wa mtaa huu wa Buyenzi ambaye mwaka huu anacheka kwa adabu, mdomo umefungwa. Anayatoa hapahapa, kwenye benchi la chai la Bi Saliha, mbele yenu na mbele ya yule bwana mwenye kofia aliyetugeuzia mgongo: msimulizi wenu hafichi kitu. Akifungua injini anafungua mpaka boliti ya mwisho, na zote anazipanga juu ya gunia mzione. Haya, shikeni majivuno hayo mawili, kila mkono na yake, tuone yapi yatadondoka mapema.

Ya Madamu yalidondoka siku ya nne.

Lakini tusikimbie. Madamu Epiphanie anafundisha fizikia kwenye shule yetu ya sekondari. Anaishi Kibenga, kule ambako jioni upepo wa ziwa unaingia sebuleni bila kubisha hodi. Kila asubuhi anakuja Buyenzi, ambako kinachoingia bila hodi ni harufu ya grisi. Mwaka juzi alipelekwa semina ya siku sita nje ya nchi, akarudi na kile cheti, rungu moja la alumini, mipira minane na glavu saba. Mchezo wenyewe unaitwa softiboli. Kwa asiyeujua: mrushaji anasimama katikati, anarusha mpira kwa chini, mkono ukizunguka kama gurudumu na kuuachia mpira pembeni ya nyonga. Mpigaji anausubiri na rungu. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji na glavu yake. Mpigaji akiukosa mara tatu anakwenda kukaa. Akiupiga anakimbia kuzunguka vituo, na akifanikiwa kurudi alipoanzia, timu yake imepata pointi. Basi. Mengine ni kelele.

Wasichana walijiandikisha tisa. Tisa ndiyo hesabu ya timu, kwa hiyo wa akiba hakuwepo. Akiugua mmoja, timu nzima imelazwa. Kwa miaka miwili Madamu alikuwa amezunguka madarasani akiomba watoto hao tisa kama mtu anayeomba maji ya kunywa, maana wasichana wetu kengele ikilia wanaitwa nyumbani na kila chungu na kila beseni. Kwa hiyo alipowapata aliwahesabu kila jioni, kwa kidole, kama vifaranga.

Uwanja ulikuwa kile kiwanja cha vumbi nyuma ya shule, ambacho pande tatu kimezungukwa na magaraji. Glavu saba, wasichana tisa: hapo ndipo Buyenzi ilipoingia. Fundi wa viti vya magari alishona glavu mbili kwa ngozi ya kiti cha nyuma, na moja ilibaki na mfuko wake, Orlane akawa anawekea karanga. Vituo vilikatwa kwenye tairi za lori. Kinga ya uso ya mdakaji ilitengenezwa kwa helmeti ya pikipiki, kioo kikatolewa, ukachomelewa wavu wa feni. Orlane alipoivaa mara ya kwanza, watoto wa mtaani walimwomba awapepee.

Huyo Orlane ndiye mdakaji. Mama yake anauza vitenge soko la Jabe, na mtoto amerithi mdomo: anaweza kukuuzia kitambaa kilichonyeshewa akakwambia kimeshafuliwa tayari. Na mrushaji ni Asiya, binti wa fundi Hamimu, miaka kumi na saba, hijabu ya bluu imefungwa nyuma ya shingo, maneno yake machache kama mvua ya Julai.

Madamu alipomwambia Asiya ajaribu kurusha, Asiya aliuzungusha mkono mara moja. Hakuna aliyeuona mpira. Tulichosikia ni ukuta wa choo ukilalamika. Madamu alikikunja cheti, akakitia mfukoni, akakisahau humo.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, madamu."

Siku ya nne mpira wa Asiya ukampasua Orlane mdomo, chini ya kinga, alipokuwa akiusogelea na glavu. Damu mpaka kwenye karanga. Wiki iliyofuata, mpira mwingine uliacha njia ukaenda kumpiga Chanelle, aliyekuwa amesimama na rungu upande wa kulia. Bega likavimba kama andazi. Madamu akamrekebisha Asiya miguu, akamrekebisha kiuno, akamwambia tazama unakorusha. Asiya akaitika ndiyo madamu, ndiyo madamu. Ijumaa yake ukaja wa tatu, na huo, jamani, ulisafiri. Ulitoka mkononi mwa Asiya, ukampa Orlane mgongo, ukavuka kiwanja, ukaenda kumkuta mkuu wa shule, Bwana Claude, aliyekuwa anatoka chooni akifunga mkanda. Miwani ikawa vipande viwili, na juu ya pua mchirizi mwekundu.

Bwana Claude ni mtu mpole. Aliviokota vile vipande, akavishika kila kimoja mbele ya jicho lake, akamtazama Madamu kwa zamu.

"Madamu Epiphanie, mara tatu dispansari. Wazazi wananiuliza kama hii ni shule ama ni vita. Mtacheza na timu ya Kibenga kama mlivyopanga, Jumapili ya tatu kuanzia sasa. Mechi hiyo ikiisha bila mutoto wa shule kuvuja damu, mnaendelea. Tone moja tu likidondoka, glavu zote ofisini kwangu na kufuli juu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Direkteri."

Usiku huo usingizi ulimkimbia Madamu. Aliona wale tisa wakirudi mmoja mmoja kwenye mabeseni. Na kila alivyopiga hesabu, jibu lilikuwa lilelile: dawa ni kumtoa Asiya asirushe tena. Mtoto mmoja akae, wanane na mwingine wa kuokoteza wabaki. Alhamisi baada ya masomo akajikaza, akaenda garaji kwa Hamimu kumpa habari hiyo uso kwa uso.

Lango lilikuwa wazi. Katikati ya ua limeegeshwa lori la kubeba mchanga, na chini ya lori kuna mtu: upande huu anaonekana miguu, upande ule mkono mmoja. Asiya alikuwa ameketi juu ya kreti, bado ana sare ya shule, daftari la fizikia magotini, anaandika kwa mkono wa kushoto. Mbele yake, juu ya kitambaa, spana zimepangwa kuanzia ndogo mpaka kubwa.

"Kumi na tatu!" ilisema sauti chini ya lori.

Ule mkono ukafunguka, kiganja juu.

Asiya hakuinua macho kwenye daftari. Mkono wake wa kulia ulishuka, ukaokota, ukabembea mara moja. Spana ikaondoka chinichini. Ikapita juu ya beseni la petroli ya kuoshea vyuma, ikapita juu ya paka aliyelala, ikapenya chini ya bampa, ikajigeuza mara moja hewani kama mtu anayejigeuza usingizini, ikatua kwenye kiganja kwa mpini. Vidole vikajifunga. Paka hakuamka.

Madamu alisimama palepale langoni.

"Kumi na saba!"

Safari hii mkono ulikuwa umehamia nyuma ya gurudumu, kiganja kinaonekana nusu. Spana ikaenda, ikapinda, ikaingia. Asiya akafuta herufi moja kwenye daftari, akaandika nyingine.

Miaka tisa Madamu Epiphanie amekuwa akichora ubaoni ule mkunjo wa kitu kilichorushwa, kwa chaki nyeupe, akiuandikia herufi na mishale. Alikuwa anauamini, kama mtu anavyoamini nchi ambayo hajafika. Sasa aliuona uko hai, umechorwa hewani na mtoto asiyeangalia, na ukifutika ukachorwa tena. Alihesabu kumi na moja. Kumi na moja zote ziliingia kiganjani. Akakaa juu ya tairi bila kukaribishwa.

Hamimu alijiburuta kutoka chini ya lori, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi na mafuta mpaka kwenye nyusi. Akamnyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja.

"Karibu madamu. Samahani, mikono iko michafu. Asiya, mwambie Bi Saliha alete chai."

"Baba Asiya," alisema Madamu, "huyu mtoto, hii kazi, tangu lini?"

"Spana? Toka ana miaka sita. Ya kwanza kabisa ilinitoa jino." Akafungua mdomo na kuonyesha pengo, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha diploma.

"Ukafanya nini?"

"Nikalala tena chini, nikafungua mukono. We ungefanya nini? Gari lilikuwa la mutu, analitaka jioni."

"Hukuogopa?"

"Mi?" Hamimu akacheka. "Kila siku naogopa, madamu. Mpaka hii leo. Lakini mukono sijauambia."

Kisha akamweleza sheria ya garaji, ambayo kila fundi wa Buyenzi anaijua na hakuna aliyewahi kuiandika. Aliye chini ya gari haoni, na aliye juu hana muda wa kuinama. Kwa hiyo aliye chini anaita namba na kufungua mkono, na mkono ukishafunguka hausogei. Anayerusha anaulenga palepale alipousikia na kuuona kwa pembe ya jicho.

"Ukiusogeza, spana inatafuta uso," alisema Hamimu. "Na hapo usimulaumu mutoto. Kosa ni la mukono."

Madamu alikumbuka ukurasa wa tatu wa makaratasi ya semina, ule aliomkaririsha Orlane kila jioni: mdakaji, ufuate mpira. Ufuate mpira! Kumbe kwa mtoto huyu mpira ndio unaofuata mkono, na mkono ulikuwa unakimbiakimbia kama kuku.

"Asiya," aliita, "siku mpira ulipompiga Chanelle, ulisikia nini?"

Asiya alikuwa amerudi na vikombe. "Namba, madamu. Kumi na mbili. Kutoka garaji la kulia."

"Na siku ya Direkteri?"

"Kumi na nne. Kulikuwa na fundi chini ya teksi, karibu na choo. Mkono wangu ulikwenda wenyewe."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Mliniuliza kama naangalia ninakorusha," Asiya alisema, akiangalia chini. "Hamkuniuliza nasikia nini."

Bi Saliha alikuwepo, amesimama na birika. Anasema Madamu alitoa kile cheti mfukoni, akakitazama, akakiweka chini ya kikombe cha chai ili kisichafue kreti.

"Baba Asiya, nilikuja kumtoa mtoto wako kwenye urushaji," alisema. "Sasa naomba unikopeshe chini ya lori lako. Nina mwingine wa kumleta."

Kesho yake Orlane akaletwa. Mama yake alikuja mbio kutoka Jabe, vitenge vya watu bado viko begani.

"Mi nilimutuma mutoto asome! Sikumutuma alale chini ya lori!"

"Dada," alimjibu Hamimu kutoka chini, "hata mi nasoma huku. Nasoma lori."

Siku ya kwanza walimrushia Orlane soksi iliyojazwa vitambaa. Ya pili chungwa. Ya tatu kijiko. Kila mara alikuwa anavuta mkono nukta ya mwisho, na kila mara alikuwa na la kusema.

"Asiya sha, mwenzangu, meno yakitoka nikakosa mume, nakuja kuhamia kwenu!"

"Usisogeze mkono, utaolewa."

"We unasema hivyo kwa sababu uko upande wa kurusha!"

Hamimu alikuwa amelala kando yake, mabega yamegusana, wakitazama juu kwenye tumbo la lori kama watu wawili wanaotazama nyota. Alimwambia tu maneno yaleyale kila siku: ogopa unavyotaka, lakini mukono usiuambie. Siku ya sita walimpa spana namba nane. Orlane akaita. Akafungua mkono. Akafumba macho. Kisha akanyamaza, na alinyamaza muda mrefu hivi kwamba Bi Saliha aliacha chai ikachemka ikamwagika, akaja kuchungulia kama mtoto yuko hai. Spana ilikuwa kiganjani. Orlane alikuwa anailia, machozi yanamwingia masikioni, na mkono ulikuwa bado umenyooka.

Wakakubaliana lugha yao: Orlane akiita kumi, mpira uje chini, kumi na tatu, katikati, kumi na saba, juu. Ikabaki shida ya mafundi. Baada ya sala ya Ijumaa Hamimu alizunguka garaji kwa garaji.

"Jumapili, toka saa tisa mpaka adhana ya magharibi, mutu asitaje namba."

"Na kazi, Hamimu?"

"Fanya. Lakini namba apana."

Wallahi, jambo hilo hamkuliona, mmepitwa. Jumapili ile magaraji yalifanya kazi kama nyumba ya mabubu. "Nipe ile... ile ya jana." "Ipi ya jana?" "Ile dada yake na ile ndogo!" Mtu akaonyesha vidole kumi, kisha akavua kiatu atafute vidole vingine. Teksi moja ilifungwa boliti za teksi nyingine, na hadi leo madereva wao hawasalimiani.

Timu ya Kibenga ilishuka kwenye basi lao na viatu vyeupe, ikakuta Buyenzi imepanda: juu ya paa za magari, juu ya ukuta, juu ya matenki. Bwana Claude alikaa kwenye kiti cha mbele, miwani imefungwa katikati kwa solotepu, kisanduku cha dawa magotini. Kila mtoto akiteleza, yeye anafungua kisanduku. Akisimama mzima, anakifunga. Klik, klik, mechi nzima.

Lakini Asiya alirusha. Alirusha, jamani! Orlane anaita kwa chini, kama mtu anayemwambia rafiki yake siri darasani, anafungua glavu, na mpira unakuja kulala humo kama umeitwa nyumbani kula. Wale wa Kibenga wenyewe waliacha kununa, wakaanza kusogea mbele wauone vizuri. Walikuwa wazuri nao, hatukatai. Hadi awamu ya mwisho ilikuwa tisa kwa nane, sisi juu, lakini vituo vyote vitatu vimejaa wakimbiaji wao, na aliyebaki na rungu ni Amélie, mrefu kama mlingoti, aliyekwisha kuukosa mara mbili. Akiukosa mara moja tena, imekwisha. Jua limekaa juu ya milima ya Congo. Damu: hakuna tone.

Sasa. Kwenye paa la basi dogo bovu, nyuma ya kituo cha tatu, alisimama punda mmoja. Jina lake msimulizi wenu analiacha kando, si kwa kulificha, ni kwa heshima ya wazazi wake. Punda huyu aliijua siri ya namba, na siri kwa punda ni kama pilipili puani. Orlane aliita, "Kumi na tatu." Asiya akaanza kuzungusha mkono. Na yule punda, kwa raha tu, kwa kutaka dunia ijue kwamba naye anajua, akanyoosha mkono wake na kupiga kelele:

"Kumi na tisaaa!"

Madamu aliliona bega la Asiya likigeuka. Mpira uliruka kushoto, ukapita juu ya vichwa vya wasichana wa Kibenga waliokaa kwenye benchi lao, nywele zikapepea, ukaenda ukapiga bati la basi. Tang! Punda akarukia upande wa pili wa basi, mzima wa afya, akapotea. Hakuna aliyeguswa. Lakini mpira ukiwa huko, mkimbiaji wa kituo cha tatu alirudi pale alipoanzia. Tisa kwa tisa.

Bwana Claude alikuwa amesimama. "Kuna aliyeumia kule?"

"Ulipiga bati, Direkteri!" Bi Saliha alijibu kutoka nyuma ya basi. "Bati tu!"

Klik.

Madamu alitembea mpaka kwa Asiya, katikati ya kiwanja. Alitafuta kichwani kitu cha kumwambia, kitu cha mwalimu, akakuta pamefagiliwa. Akageuka akaenda kwa Orlane.

"Usiite namba," alinong'ona.

"Nitamwambiaje sasa?"

"Fungua mkono tu."

Na hapo, watu wangu, likatokea lile ambalo waliokuwepo bado wanaliongea kwa sauti ya chini. Hakuna aliyetoa amri. Mtu mmoja aliweka nyundo chini. Mwingine akazima mashine ya kuchomelea. Jenereta ya kona ikakohoa, ikanyamaza. Redio, pikipiki, mabati, kelele zote ambazo sisi tumezaliwa ndani yake na tunadhani ndiyo hewa, zikaondoka moja baada ya nyingine, mpaka Buyenzi ikanyamaza. Buyenzi! Tukasikia bendera ya shule ikijipigapiga kwenye mlingoti. Wazee wamesimama na spana zao kifuani kama watu walio msibani, na hakuna aliyekufa.

Madamu aliangalia kando ili apumue. Kwenye ukingo wa kiwanja, lori la Hamimu. Baba wa watu alishindwa kuangalia mechi, alijilaza chini ya lori toka saa tisa akijifanya ana kazi. Na pale, pembeni ya gurudumu, Madamu akauona mkono wake: umefunguka juu ya vumbi, kiganja juu, hauombi spana yoyote. Umetulia tu.

Orlane alifungua glavu. Nyuma ya wavu wa feni alifumba macho.

Asiya aliinamisha kichwa kama anayesoma daftari. Mkono ukashuka, ukapanda, ukazunguka. Mpira ulipita mbele ya Amélie, naye akabaki na rungu begani kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Glavu haikusogea hata upana wa unywele. Ilisema neno moja tu: pah.

Amélie ndiye aliyeanza. Aliliweka rungu chini taratibu, kama chombo cha udongo, akapiga makofi. Kisha kiwanja kizima kikalipuka, na juu ya mlipuko huo adhana ya magharibi ikaanza, na kwa mapatano mechi ikawa imekwisha. Tisa kwa tisa. Hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyeuliza. Orlane na Asiya walikuwa wameshikana katikati ya vumbi, mmoja anasema maneno mia mbili, mwingine hana hata moja. Madamu aliwahesabu kwa kidole. Tisa. Bwana Claude alipita akiwakagua, mikono, magoti, pua, kisha akakifunga kile kisanduku na kumkabidhi Madamu.

"Kaa nacho," alisema. "Mwaka ni mrefu."

Na hadithi imekwisha hivyo, boliti zote juu ya gunia. Hakuna iliyofichwa, hakuna...

"Mwongo."

Ni Bi Saliha huyo, na birika mkononi.

"Bi Saliha, shikamoo tena. Mwongo wapi?"

"Bati gani linalia 'uwii mama'? Mi nilikuwa nyuma ya basi. Nilimuona huyo punda ananyoosha mukono, mpira unakuja palepale kwenye kiganja chake, sawasawa kabisa, na yeye akavuta mukono! Nani nilimupa maji ya chumvi? Nani alimeza damu yake yote ili Direkteri asione, mashavu yamejaa kama mutu aliyeiba maandazi?"

"Bi Saliha, wateja wanasubiri chai."

"Wasubiri." Aliweka birika chini, akashika pindo la kitenge chake, akafungua fundo. Ndani yake palikuwa na kitu kidogo, cheupe, chenye mzizi. Akakiweka juu ya benchi, katikati ya vikombe. "Nilikitunza. Nilijua tu iko siku utasimulia."

Benchi zima likainama kutazama. Yule bwana mwenye kofia hakugeuka. Alimaliza chai yake, akarekebisha miwani yenye solotepu katikati, akasema kwa upole kuuambia ukuta:

"Mi nilisema mutoto wa shule asivuje damu. Punda sikumtaja."

"Haya, mfungua injini," alisema Bi Saliha. "Cheka sasa, wakuone."